Albamu za Nirvana: nimezipanga, rumeti kaninunia

Nimepotea kidogo, testi mbili ndani ya wiki moja, mnaelewa wenyewe. Leo sina stori za kantini wala za boom kuchelewa. Leo ni Nirvana, maana ndo waliofanya mimi na rumeti wangu tusisemezane tangu Jumamosi mchana mpaka Jumapili usiku, na chumba chenyewe ukinyoosha mkono tu unagusa kitanda cha mwenzio.

Ilianza hivi. Nilikuwa nazipanga albamu zao nyuma ya daftari la Saikolojia ya Elimu, ipi ya kwanza ipi ya mwisho. Kwa wasiowajua: ni bendi ya roki iliyoanzia Aberdeen, mji mdogo kwenye jimbo la Washington kule Marekani, mwaka 1987. Kurt Cobain sauti na gitaa, Krist Novoselic besi, na Dave Grohl akaja kukaa kwenye ngoma mwaka 1990 baada ya wenzake kadhaa kupita. Albamu za studio ni tatu tu: Bleach, Nevermind na In Utero. Mimi naongeza Incesticide, ambayo ni mkusanyiko, na MTV Unplugged in New York. Zilizofuata baada ya hapo sizihesabu, na msinibishie.

Namba moja nikaandika Unplugged. Rumeti akachungulia, akasema, "Shosti, huyo unampa maksi za msiba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanisimulia kitu ambacho miaka miwili tunalala chumba kimoja sijawahi kukisikia. Walipokuwa kidato cha tano, mwenzao wa bweni alijiua wakati wa likizo. "Tulilia tu," akasema. "Hakuna aliyesema amekuwa mkubwa kwa hilo. Sasa nyie huyu wenu mnamwashia mishumaa." Mimi badala ya kunyamaza nikajibu kwamba muziki ni muziki. Basi, akageukia ukutani. (Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika hili. Kakubali, mradi nisitaje shule.)

Ukweli ni kwamba alikuwa amenigusa pabaya. Cobain alijiua Aprili 1994, miaka 27, na Unplugged ikatoka Novemba mwaka huohuo. Dunia nzima iliisikiliza ikiwa tayari ina habari. Na jukwaa lenyewe lilikuwa na mayungiyungi na mishumaa myeusi. Alex Coletti, prodyuza wa kipindi kile, alisimulia baadaye kwamba alimuuliza Kurt kama anataka pafanane na mazishini, na Kurt akakubali. Sasa hapo unajiteteaje?

Nikakumbuka tulichofundishwa kuhusu kusahihisha. Ukiona jina la mwanafunzi unayemfahamu, unasahihisha mtu badala ya jibu. Ndiyo maana mtihani wa NECTA unakwenda na namba ya mtahiniwa. Jumapili baada ya kufua nikajilaza nikafunika jina. Nikajiambia huyu bwana aliyezaliwa 1967 yuko hai, anakaribia sitini, ana kitambi, pengine anafuga mbuzi. Nikazirudia zote tano.

Ya mwisho ikabaki Incesticide, Desemba 1992. Ni makombo bwana, demo na nyimbo za redioni BBC, ingawa makombo yenye "Aneurysm" na "Sliver" si ya kumwagia kuku. Ninachoiheshimu zaidi ni yale maelezo aliyoandika Kurt kwenye jalada, kwamba mashabiki wanaochukia wanawake, mashoga au watu wa rangi nyingine wasije kwenye shoo zao wala wasinunue rekodi zao. Alikuwa anafukuza wateja wake mwenyewe!

Ya nne Bleach, 1989. Ilirekodiwa Seattle na Jack Endino kwa dola 606 na senti 17. Hela aliitoa Jason Everman, na kwenye jalada wakamwandika mpiga gitaa wakati hakupiga hata noti moja. Nzito, ina matope, nusu ya nyimbo nazichanganya. Ila "About a Girl" imo humo, na wimbo ule peke yake unakwambia jamaa alijua kutunga.

Ya tatu Nevermind. Najua, najua, mtanirushia viatu. Septemba 1991 imetoka, Januari 1992 imemtoa Michael Jackson na Dangerous yake namba moja kwenye chati ya Billboard. Duniani imeuza zaidi ya nakala milioni 30. Butch Vig aliirekodi, Andy Wallace akaichanganya mpaka ikang'aa, na Kurt mwenyewe baadaye akalalamika kwamba imeng'aa kupita kiasi. Mimi siichukii hata kidogo, ndiyo ninayofulia nguo. Lakini kwa masikio yangu upande wa pili unapoa, na "Smells Like Teen Spirit" nimeusikia mpaka siusikii tena.

Sasa Unplugged. Ilirekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993, mwimbaji akiwa hai kabisa, na jina likifunikwa unasikia hivyo. Unasikia mtu anatania. Anafungua na "About a Girl" huku akiwaambia watu kwamba inatoka kwenye albamu yao ya kwanza ambayo wengi hawana. Kabla ya wimbo wa mwisho anasimulia habari ya gitaa la Lead Belly lililokuwa linauzwa dola laki tano, eti kamwomba David Geffen amnunulie. Watu wanacheka. Novoselic anapiga akodiani! Grohl, yule mbomoaji, anapiga ngoma kama anaogopa kuamsha mtoto. Walipiga moja kwa moja bila kurudia wimbo hata mmoja. Haya yote nilikuwa nayaruka miaka yote, nikikimbilia ile sauti ya mwisho inayokatika, kwa sababu ndo iliyonipa msiba niliokuwa nautaka.

Kwa hiyo rumeti alikuwa sahihi kuhusu mimi, ila sidhani kama alikuwa sahihi kuhusu albamu. Bila msiba bado ni nzuri mno. Nimeishusha hadi namba mbili kwa sababu nyingine kabisa: nyimbo sita kati ya 14 ni za watu, tatu kati ya hizo za Meat Puppets, moja ya David Bowie. Nampa sifa ya kuimba, ya kutunga siwezi.

Namba moja ni In Utero, Septemba 1993. Waliirekodi na Steve Albini kule Minnesota kwa kama wiki mbili mwezi Februari. Albini (alifariki 2024) alichukua dola laki moja na kukataa asilimia ya mauzo, maana aliona si haki. Kampuni haikufurahia jinsi inavyokwaruza, na nyimbo mbili zikapelekwa kwa Scott Litt zichanganywe upya. Wapo wanaoisoma kama barua ya kuaga. Mimi nimeisikiliza na jina limefunikwa, nikamsikia mtu mwenye hasira, na aliyekasirika bado anataka kitu. Ngoma za "Scentless Apprentice" zinapiga kama mtu anagonga mlango afunguliwe. Halafu inakuja "Dumb" na selo yake, unapumua kidogo.

Usiku nikampa daftari. Akasoma taratibu mpaka mwisho, akasema, "Afadhali." Nikamwambia samahani kwa ile ya Jumamosi. Akaniambia jina la yule mwenzao, na kwamba alikuwa anapenda kuimba wakati anadeki bweni, tena anaimba vibaya. Tukakaa kimya.

Baadaye akauliza, "Huo wa akodiani ni upi?" Ni wa tatu, tukagawana spika za masikioni, mimi ya kushoto yeye ya kulia. Akasema inamkumbusha taarabu za bibi yake. Halafu akasema nipunguze sauti, kesho ana kipindi saa moja asubuhi.