Anaimba kwa Kilingala, Anajibu kwa Kiswahili

Kiswahili hakiulizi kama anayependa ni mwanamume au mwanamke. Tukisema "ananipenda", kitenzi kinatupa nafsi, wakati na mtendwa, lakini jinsia kinaiacha nje ya mlango. Kilingala ni vilevile: "alingi ngai" inaweza kusemwa juu ya mume, mke, mama au mtoto. Kifaransa, ambacho tunakitumia kwa mitihani, ndicho kinachodai kujua mapema, kwa ile e yake ya mwisho. Wengi wetu tulipita haraka juu ya jambo hili mwaka wa kwanza, kwa sababu ni rahisi na linaleta alama bila jasho. Mimi lilinirudia mwezi wa saba, katika baa moja ya Kamalondo, nikiwa nimeficha daftari chini ya meza.

Muziki wa Kongo umejaa nyimbo ambazo mwanamume ametunga maneno ya mwanamke. Franco na wenzake wa TPOK Jazz waliimba malalamiko ya wake walioachwa, kwa koo za wanaume, na hakuna aliyeona ajabu. Mbilia Bel aling'ara katika Afrisa miaka ya 1980 kwa nyimbo ambazo nyingi zilitungwa na Tabu Ley. Sarufi haikumzuia mtu. Basi mwanamke anayeimba usiku katika baa za Lubumbashi amerithi vitu viwili: machungu ya wanawake yaliyoandikwa na wanaume, na lugha ambayo si ya nyumbani kwake.

Maana Kilingala kwetu kilikuja na askari na santuri. Tunakielewa, tunakicheza, na wengi wetu tunakosea viambishi vyake. Mezani, sokoni na matangani tunasema Kiswahili chetu, kile ambacho André Yav alikitumia mwaka 1965 kuandika historia ya mji, kile ambacho Polomé alikichambua mwaka 1968, na ambacho walimu wetu wa shule ya msingi walikisahihisha kwa wino mwekundu kwa sababu si "Kiswahili bora". Si kwamba Kiswahili hakikuwahi kuimbwa hapa. Wapiga gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco akiwa mbele yao, walikiimba miaka ya 1950. Lakini Tshala Muana, aliyezaliwa katika mji huuhuu mwaka 1958, umalkia wake aliupata kwa Tshiluba. Na leo orkestra ya baa ikifungua usiku, ni Kilingala.

Nilikwenda kwa ajili ya tasnifu yangu, inayohusu kubadilisha lugha mbele ya hadhira. Nilimweleza Mama hivyohivyo. Akaacha kukoroga bukari, akanitazama. "Mu baa njo banafundishaka sasa?" Aliniruhusu tu kwa sababu kaka mkubwa wa mwenzangu wa darasa anapiga besi katika orkestra ile, na aliapa kuturudisha hadi mlangoni. Tulikuwa watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, ambaye mchango wake kwa utafiti ulikuwa kumaliza michopo ya wote.

Baa yenyewe mnaijua hata bila jina: viti vya plastiki, turubai la bluu, moshi wa nyama ya mbuzi, chupa za Simba zimepangwa mezani ili watu waone nani ana uwezo. Ilikuwa kipwa, usiku wa baridi, wapigaji wamevaa makoti. Waimbaji wanawake walikuwa watatu. Mkubwa wao, mwenye umri wa kama miaka arobaini, alivaa kitenge cha kijani na juu yake triko ya kiume. Wenzake walimwita Yaya, nami nitamwita hivyo.

Tangu saa tatu hadi saa sita nilijaza kurasa nane. Kifaransa kilitumika kusalimia "wakubwa waliopo". Tshiluba kiliingia pamoja na mutuashi, na meza mbili za watu wa Kasai zikasimama kabla hata ngoma haijakolea. Kibemba nilikisikia mara moja tu, sentensi fupi ambayo Yaya alimrushia mpiga ngoma aliyechelewa kuingia, na hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kilingala kilikuwa nyimbo zenyewe, karibu zote. Kiswahili kilikuwa kila kitu kilichobaki: utani, kuomba maji, kuhesabu pesa, kufukuza mlevi.

Juu ya pesa inafaa nikae kidogo. Mtu anayetaka jina lake litiwe ndani ya wimbo anapeleka noti mbele, na mwimbaji analitupa jina hilo kati ya beti. Kwa Kilingala wanasema kobwaka libanga, kutupa jiwe. Kuna na kobeta libanga, kuponda jiwe, maana yake kuhangaikia riziki. Nilikuwa nimeyaandika haya mawili katika kurasa mbalimbali za daftari, kama misemo miwili isiyojuana. Pale baa yalikutana. Katika wimbo mmoja nilihesabu majina kumi na moja, mawili ya watu ambao hata hawakuwa wamefika, walituma rafiki na noti ya falanga 5,000. Yote kumi na moja ni ya wanaume. Usiku mzima jina la mwanamke liliimbwa mara moja tu, na huyo alikuwa mama mzazi wa mnywaji mmoja, aliyekumbukwa kwenye chupa ya sita. Noti zinaingia katika beseni. Mwenye sono anachukua kwanza, kisha mafuta ya grupu, kisha wapigaji, kisha sauti za kike. Niliuliza kwa nini mpangilio ni huo. Mpiga besi wetu alisema gitaa zina wenyewe na zinahitaji nyuzi. Koo, nadhani, wanaliona kama halinunuliwi nyuzi.

Mara mzee mmoja wa meza ya mbele akaanza kumwita Yaya kwa kidole aje akae naye. Kwanza alimtumia chupa. Kisha akasimama, akashika mkono wake katikati ya wimbo. Sisi wasichana wawili tulitazamana, kwa sababu chupa nyingine ya mtu huyohuyo ilikuwa imesimama mezani petu, haijafunguliwa, na hatukujua tuipeleke wapi. Yaya hakuuvuta mkono wake. Aliimba hadi mwisho wa ubeti, kwa Kilingala, maneno matamu ya mwanamke anayemwomba mpenzi asimwache. Halafu, bila kushusha mikro, akasema:

"Papa, feza ya bukari ya batoto iko ku mufuko, ao umeshaikunywa? Kaa kwanza. Nikimaliza kazi, na mwenye kuwa ku nyumba naye tutamuita."

Baa nzima ilicheka. Mzee alicheka pia, ilibidi, akaketi. Orkestra haikukosa hata pigo moja. Niliangalia saa na kuandika: Kilingala, kubembeleza, Kiswahili, kukataa, mikro ileile, pumzi ileile. Ni mfano ambao ningeutafuta mwezi mzima. Lakini nakiri kwamba nilipokuwa naandika mkono wangu ulitetemeka kidogo, na si kwa sababu ya isimu. Mhudumu alikuja akaondoa ile chupa ya mezani petu bila kuulizwa.

Wakati wa mapumziko nilimfuata nyuma ya turubai. Alikuwa anakunywa maji ya moto yenye tangawizi. Nilimsalimu, nikamwambia ninasoma lugha, nikamuuliza kwa nini haimbi kwa Kiswahili, wakati mji mzima unasema Kiswahili. Jibu nilikuwa nalo tayari, lile la vitabuni: hadhi, soko, Kinshasa. Alikubali yote matatu kwa kichwa, kama mtu anayekubali chenji. Kisha akasema:

"Lingala iko kama nguo. Unavaa, unaimba, unavua, unarudia ku nyumba. Nikiimba Swahili, kesho ku soko bataniambia: tulisikia mambo yako na bwana yako."

Hapa ndipo lile somo la mwaka wa kwanza liliponirudia. Sarufi ya Kiswahili haisemi kama ni mwanamume au mwanamke anayelalamika. Wasikilizaji ndio wanaosema. Akiimba kwa Kilingala, "mimi" wa wimbo ni mtu wa wimbo, amekuja kutoka Kinshasa pamoja na gitaa, na kila mtu anaweza kumwazima. Akiimba kwa Kiswahili cha Kamalondo, "mimi" ni yeye, mke wa fulani, wa avenyu fulani, aliyeonekana Jumatano akinunua sombe. Mwanamume akiimba maneno hayohayo kwa Kiswahili watu watasema ametunga vizuri. Mwanamke watasema amefunua siri. Tunaandika kurasa nyingi juu ya uteuzi wa lugha kana kwamba msemaji anachagua dukani, rafu zote ziko wazi. Yaya hakuchagua Kilingala kwa sababu anakipenda kuliko lugha ya mama yake. Alihitaji mahali pa kusimama ambapo mama yake asingeulizwa maswali kesho yake.

Nilimuuliza kama hana hata wimbo mmoja wa Kiswahili. Alimalizia tangawizi yake. "Niko nayo moja," akasema, na akarudi kazini.

Kuelekea saa saba grupu ilizimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na umeme wa mji ulikuwa umeondoka tangu jioni. Wenye magari waliondoka, wakifuatwa na wenye majina. Tulibaki watu kama kumi na watano kuzunguka makaa ya michopo, tukingoja mpiga besi akunje nyaya zake. Mpiga gitaa mmoja alikuwa bado ana gitaa lake mapajani, bila umeme, akicheza kwa vidole tu, polepole, kwa namna ya wazee. Yaya alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, amejifunika kitenge hadi mabegani. Hakuna aliyemwomba. Alianza tu, bila mikro, na ilikuwa Kiswahili.

Maneno yake siyaandiki hapa. Nilipotoa simu ili nirekodi, alisimama. "Za Lingala, beba zote. Hii, hapana." Nikairudisha simu mfukoni, akaendelea pale alipoachia. Naweza kusema kwamba ulikuwa wimbo mfupi, kwamba wale waimbaji wengine wawili walijua mahali pa kuitikia, maana yake haikuwa mara ya kwanza, na kwamba yule mvulana wetu aliacha kula.

Kuna jambo moja tu la sarufi, na nilimwomba ruhusa ya kulibeba. Kila ubeti uliisha kwa kitenzi kimoja: alikuyaka. Kiswahili sanifu kingehitaji maneno mawili, "alikuwa akija", kwa sababu hu- yetu ya mazoea haipandi juu ya wakati uliopita. Kiswahili cha Lubumbashi kina -ak-, kabla tu ya irabu ya mwisho, na kwa kiambishi hicho kidogo kuja kunakuwa kumepita na kumerudiwa kwa pamoja, mara nyingi, usiku mwingi, hadi siku ambapo hakukurudiwa tena. Halafu neno linaishia kwa a, ambayo koo linaweza kuishikilia kwa muda linaotaka. Niliwahi kusikia katika semina kwamba -ak- ni mabaki, kitu ambacho shule itakisafisha. Aliyesema hivyo hajasikia ikiimbwa.

Nilipomweleza Yaya kwamba ninataka kuandika juu ya neno lile moja, si juu ya wimbo, alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule bila mikro. "Ile neno haiko yangu, iko ya batu bote. Andika."

Nimeliandika. Tasnifu yangu sasa ina jedwali la nyimbo thelathini na nne: ishirini na tisa za Kilingala, tatu za Tshiluba, moja ya Kifaransa, na katika safu ya Kiswahili mstari mmoja wenye kitenzi kimoja, bila kichwa cha wimbo, bila jina la mwimbaji, bila sauti. Mwalimu anayenisimamia ameuwekea alama ya kuuliza pembeni, anataka kujua mfano huo umetoka wapi. Nimemjazia nafasi ile kama kanuni inavyotaka: ulisikiwa Kamalondo, mwezi wa saba, saa saba na nusu usiku, pasipo umeme.