Barua kutoka Lowell: Njama ya Baba Watoto



Hapa Lowell, Massachusetts, Mkenya kupata nyumba ya kupanga ni kazi, lakini kutunza siri ni kazi zaidi. Makanisa yetu yanajuana, na kila kundi la WhatsApp lina mtu wake katika kundi la jirani. Ndiyo maana habari ya dereva mmoja wa lori imechangamsha mazungumzo. Alipanga safari ya kuadhimisha miaka 15 ya ndoa, na mkewe hakushtuka hadi gari lilipoipita kona ya kwenda kanisani bila hata kupunguza mwendo.

Pesa haikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo kilikuwa zamu. Mama huyo ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee na hufanya kazi usiku, hasa wikendi, kwa sababu wikendi inalipa vizuri. Zamu za huku hazitupwi ovyo. Mume alimtafuta Mganda mmoja anayefanya kazi na mkewe, akamsihi wabadilishane, kisha msimamizi naye akaingizwa kwenye njama. Watoto wangelala kwa shangazi yao. Kitinda mimba wa miaka sita hakuambiwa kitu hadi dakika ya mwisho, maana huyo ni redio. Begi lilifungwa na huyo shangazi, na hapo baba alitumia akili: mwanamume akiachiwa kazi hiyo hufunga gauni la sherehe na kusahau kitana.

Walikokwenda si mbali, ni chini ya saa moja kwa gari: Wayside Inn, nyumba ya wageni iliyo mashambani katika mji wa Sudbury, kando ya barabara ya kale ya posta iendayo Boston. Familia ya Howe ilipata leseni ya kupokea wageni hapo mwaka 1716, miaka 60 kabla Marekani haijatangaza uhuru, na ikaiendesha vizazi vinne. Mshairi Henry Wadsworth Longfellow aliitembelea mwaka 1862, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha hadithi za kishairi zinazosimuliwa na wageni wa nyumba hiyo. Tangu hapo jina la nyumba hiyo likavuma.

Halafu akaja Henry Ford. Aliinunua mwaka 1923, akanunua na mashamba yanayoizunguka, na magari yalipozidi kupita mlangoni akajenga barabara nyingine ili yapite mbali. Ndiyo, yule yule aliyeijaza Marekani magari! Moto uliiunguza vibaya mwaka 1955, ikajengwa upya kwa msaada wa wakfu wa Ford.

Vyumba ni vichache, na sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Wageni wana desturi ya kuandika vikaratasi na kuvificha kwenye droo na mianya ya samani, ili atakayelala hapo baadaye avikute. Mama alisoma vya Wamarekani hadi akachoka, kisha akaandika chake kwa Kiswahili. Mumewe aliomba kukiona, akanyimwa.

Chakula cha jioni kilikuwa kizuri, lakini saa tatu usiku macho ya baba yalikuwa yanafumba, naye mama ndiyo kwanza anachangamka. Saa tisa usiku alikuwa macho kabisa, kama aliye kazini. Akamwamsha mwenzake. Walizungumza hadi kulipopambazuka: karo, kiwanja cha Nakuru ambacho hakijazungushiwa ua, mama mkwe na magoti yake. Kwa kawaida watu hawa wawili hupishana mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia, na mambo mengine huyamaliza kwa ujumbe wa simu. Mimi nasema zawadi yenyewe ilikuwa hiyo, si kitanda wala chakula.

Asubuhi walitembea hadi kwenye kinu cha maji alichojenga Ford mwaka 1929. Gurudumu kubwa linazungushwa na maji ya kijito, mawe yanasaga, na unga wake hutumika kuokea mikate ya nyumba hiyo. Mama alisimama pale kama mtu anayesubiri debe lake kwenye poshomili. Ila unga wa mahindi wa huku ni wa njano, na aliyekula mahindi ya njano yaliyoletwa Kenya wakati wa ukame wa 1984 hahitaji kuuonja ili kuukumbuka.

Najua baadhi yenu mtauliza: miaka 15 ya ndoa, na hakuna kamati, hakuna michango, hakuna mbuzi? Wazee wa hapa nao waliuliza, na shemeji mmoja alinuna waziwazi. Sherehe ya watu wengi ina raha yake, siipingi. Lakini huku, sherehe ya watu mia ina maana kwamba mama huyo angepika Ijumaa usiku kucha, akahudumia wageni Jumamosi, na kurudi zamu Jumapili bila kufumba jicho.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkimpigia mtu wa huku Jumamosi na simu isipokelewe, msianze kupigiana simu kuulizana kama amelazwa hospitalini au amekamatwa. Mwacheni hadi Jumatatu. Karo atatuma.