Ipinda Senta

Konda wa Haisi itokayo Kyela mjini hulitaja jina la kwetu kwa namna mbili. Tukiwa bado njiani husema "Ipinda". Tukianza kuyaona maduka, hupiga bati la gari kwa kiganja na kupaza sauti, "Senta! Wa senta mjiandae!" Nimelisikia neno hilo miaka mingi bila kulitilia maanani. Mwaka huu limenikosesha raha, na sababu ni binti yangu.

Binti yangu anafanya kazi Dodoma. Tangu mama yao alipofariki, wanangu hawana amani kwa ajili yangu. Magoti yamechoka, na masika yakishika, tope la Kyela si la mzee wa miaka 75. Basi alinipigia simu akasema, "Baba, njoo ukae huku. Dodoma ni katikati ya nchi. Kaka yuko Mwanza, mdogo wetu yuko Dar es Salaam, wote tutafika kwako kwa urahisi." Hoja hiyo ni mojawapo ya zile zilizotolewa mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Nilimjibu kwamba hata Serikali haikuanza kuhama kwa dhati mpaka mwaka 2016, na yenyewe haikuwa na magoti mabovu. Alicheka, lakini hakuliacha jambo lake.

Neno hili nililipata kwanza kwa Kiingereza, nikiwa darasa la tano, kabla ya mwaka 1967 ambapo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Baadaye, chuoni, mkufunzi wetu wa hisabati alitueleza kwamba asili yake ni Ugiriki, na maana yake ilikuwa ncha kali: ncha ya fimbo ya kumchomea ng'ombe atembee, kisha mguu wa bikari unaochomwa mahali pamoja ili ule wa pili uzunguke. Nililiandika daftarini kama wanachuo waandikavyo, nikalisahau.

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la sita, nikifundisha duara. Shule haikuwa na bikari ya ubaoni. Nilichukua uzi, nikafunga chaki upande mmoja, na upande wa pili nikamwita mvulana mmoja aubane kwa kidole ubaoni. Nikawaambia wenzake, "Hapo kwenye kidole chake ndipo kitovu cha duara." Mvulana akauliza, "Mwalimu, nikisogea je?" Nikamwambia duara litaharibika. Akafikiri kidogo, kidole kikiwa bado ubaoni, akasema, "Basi kitovu ni yule aliyeambiwa asisogee." Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa ujana na kwa kuona nimedhihakiwa, nikamchapa fimbo tatu.

Msomaji wangu, nimefundisha zaidi ya miaka 30, nusu yake nikiwa mwalimu mkuu, wala sikusikia tena kwa mwanafunzi jibu lenye akili kama lile. Mvulana yule sasa ni babu. Anavua usipa upande wa Matema. Juzi juzi tulikutana hapo senta nikamwambia nilimkosea. Alicheka sana. Jibu lake halikumbuki kabisa. Fimbo anazikumbuka, na idadi yake.

Mwingereza ana neno hilo moja kwa mambo mengi, na humfaa. Sisi tulipolitafsiri tulilazimika kupasua gogo. Reli itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma tuliiita Reli ya Kati, na Jimbo la Kati la wakati wa ukoloni lilikuwa na makao yake Dodoma. Hapo ni suala la ramani. Lakini kamati ya chama yenye sauti ya mwisho hatukuiita Kamati ya Kati, tuliiita Kamati Kuu. Na benki inayotoa noti ni Benki Kuu. Kwa Kiingereza zote hutumia neno moja, na mtu anaweza kudhani kwamba mwenye nguvu amekaa tu mahali pa wastani, sawa na mwingine yeyote. Kiswahili kimemtaja kwa jina lake. (Wacheza mpira wao walilichukua neno zima zima: senta fowadi, senta hafu. Huyo senta hafu alirudishwa nyuma kulinda goli zamani sana, akabaki na jina la mtu wa kati.)

Hata ramani ina mwenyewe. Mwaka 1864 wamisionari wa Kianglikana waliokuja kwa ajili ya Afrika ya Kati waliweka makao yao Unguja, kisiwani, baharini. Kuanzia mwaka 1893 hadi 1907 nchi iliyo ng'ambo ya Songwe iliitwa na Waingereza Afrika ya Kati, na kati ya mwaka 1953 na 1963 ikaingizwa katika shirikisho lililojulikana pia kwa jina hilo. Sisi wa ng'ambo hii tukawa Afrika ya Mashariki. Wangonde wa kule na sisi Wanyakyusa tunasikilizana bila mkalimani. Na Songwe ni mto usiotulia: mafuriko yakija huacha njia yake na kuchimba nyingine, shamba la mtu likajikuta upande wa pili. Mashariki na kati zimetenganishwa na mto unaosogea.

Ziwani ndiko neno hili lilikofikia kuwa ugomvi. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 na kusema mpaka ni ufukoni kwetu. Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Upande wa Msumbiji, Waingereza na Wareno walikubaliana mwaka 1954 kwamba mstari upite katikati ya ziwa. Mwaka 2012 maneno yalipopamba moto, wavuvi wa Matema waliendelea kutega. Yule mwanafunzi wangu aliniambia, "Mwalimu, usiku huko majini, katikati ni pale ulipo wewe na taa yako."

Neno ninalolipenda ni kituo. Kituo cha afya, kituo cha mtihani: kwa Kiingereza ni senta ileile, lakini kwetu kituo ni mahali pa kutua. Hakuna duara humo wala mwenye bikari. Kuna mtu aliyetoka mbali na mzigo kichwani. Mama yao tulimpeleka kituo cha afya mara nyingi mwaka ule wa mwisho. Sasa amelala kwenye migomba nyuma ya nyumba, si mbali na pale mama yangu aliponionyesha kuwa alikizika kitovu changu.

Jana binti amepiga tena. Ameshapata chumba cha chini, kisicho na ngazi. Nimemwambia asubiri tuvune mpunga kwanza.