Tulipotafuta Shokapu Kando ya Columbia Pike



Nyumba tunayokaa ni ya matofali mekundu, ya ghorofa tatu, hatua chache kutoka barabara ya Columbia Pike, mjini Arlington, jimbo la Virginia. Anayepita barabara hii kwa mara ya kwanza hudhani dunia nzima imepanga vyumba hapa: Wasalvador, Wabolivia, Wahabeshi, Wamoroko, Wabangali, na sisi watu wa pwani tusiozidi familia chache. Kwa muda wa miezi minane, kila siku ya kazi saa kumi na robo alfajiri, tulikuwa tukiamshwa na sauti moja: baiskeli ya mpwa wetu ikiteremshwa ngazi, kwa, kwa, kwa, mpaka chini.

Kijana huyu alitujia kutoka Tanga, akapata kazi katika jiko la hoteli moja huko Crystal City. Zamu yake huanza saa kumi na moja kamili alfajiri. Treni za Metro nazo, siku za kazi, huanza saa hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye zamu kama yake hawezi kuzitegemea. Gari hana wala leseni hana. Mshahara wake wa kwanza akaununulia baiskeli ya dola 148 katika duka moja kubwa la bidhaa za kila namna, ambamo baiskeli huning'inizwa baina ya mahema na mashine za kukatia majani. Ilikuwa na shokapu mbili mbele, na chini ya kiti springi nene nyekundu. Aliipiga picha akaituma nyumbani. Dada yetu akatupigia simu usiku huo huo kuuliza kwa hofu kama mtoto amenunua pikipiki.

Jioni moja ya mwezi wa Novemba tuliona kiwiko chake kimechubuka. Alikuwa amekificha kwa siku tatu. Alipobana breki karibu na daraja, kwenye njia ya baiskeli inayofuata kijito cha Four Mile Run, gurudumu la mbele lilirudi nyuma kana kwamba linataka kuingia chini ya fremu, naye akaenda chini. Tulipoishika ile foku, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, ilicheza mkononi kama jino la mtoto. Tukamwambia asiipande tena. Akajibu kwa adabu, macho chini: "Mjomba, nimeshachelewa mara mbili. Ya tatu hawanirudishi." Wala hakuhitaji kutukumbusha kwamba dawa za presha za mama yake hutoka katika mshahara ule.

Basi tukaanza safari ambayo tulidhani ni ya siku moja. Tulikuwa tumelelewa katika imani kwamba kitu kilichotengenezwa na mtu chaweza kutengenezwa na mtu mwingine. Kwetu baiskeli ilikuwa Raleigh ya Nottingham, au Phoenix ya Shanghai, ya magurudumu ya inchi 28 na fremu nyeusi. Fundi alikaa chini ya mwembe na kopo la grisi na spana mbili. Kila kipuri cha Raleigh kiliingia katika Raleigh nyingine, na hata India walipotengeneza za kwao waliufuata mtindo ule ule, ndipo mtu akaweza kununua foku kijijini kama anavyonunua sukari. Wale waendeshaji wa boda boda waliowavusha watu mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, walibeba abiria na magunia juu ya foku ya chuma kitupu isiyo na springi hata moja.

Tulianzia pale iliponunuliwa. Mhudumu, msichana mwenye heshima, alituuliza risiti. Siku za kurudisha zilikuwa zimekwisha. Tukauliza vipuri. Akatutazama kama tuliouliza bei ya mwezi. Walikuwa na tyubu, pampu, kengele na kofia za kichwani. Foku hawakuwa nayo, wala hawakujua inakopatikana. Alitushauri, bila dhihaka, tununue baiskeli nyingine.

Duka la pili lilikuwa la baiskeli tupu, lenye vioo, harufu ya mpira mpya na mashine ya kahawa. Fundi wa hapo aliinua gurudumu la mbele kwa kidole, akalitikisa mara moja, akasema foku mpya ya kuaminika pamoja na ujira wake vitazidi bei ya baiskeli nzima. Alikuwa na haki, na hatukumchukia. Kijana wetu alitoka nje akasimama kando ya baiskeli yake, akawa anaifuta vumbi kwa ukingo wa mkono wa koti.

Hapa inafaa tueleze ndani ya shokapu ile mna nini, kwani wasomaji wetu wengi wamewanunulia watoto wao baiskeli za namna hii. Foku ya springi ilikuja katika baiskeli za milimani kwa ajili ya mashindano. Kampuni ya RockShox, iliyozieneza, ilianzishwa mwaka 1989. Foku nzuri ina hewa au springi ya kusukuma juu, na mafuta ya kupunguza kasi ya kurudi. Kuna foku zinazogharimu mamia ya dola. Ile ya baiskeli ya bei nafuu aghalabu ina springi ya chuma au kipande cha mpira, bila mafuta, na bomba la juu huteleza ndani ya lile la chini kwa kupitia bushi za plastiki. Bushi zikilika, bomba hucheza. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu humaliza kazi. Bushi za foku ya namna hiyo ni nadra sana kuuzwa pekee. Lililokuwa chombo cha mbio limegeuka kuwa pambo, tena pambo zito.

Lawama si ya duka moja. Kampuni ya Huffy ilikuwa na kiwanda kikubwa mjini Celina, jimbo la Ohio, ikakifunga mwaka 1998, na leo sehemu kubwa ya baiskeli zinazouzwa Marekani hutengenezwa China kwa bei ya kukabana koo. Mwaka 2022 mafundi wa baiskeli wa nchi hii walitoa ombi la pamoja, wakiwataka watengenezaji na maduka makubwa waache kuuza baiskeli zinazokufa upesi. Walitaka kipimo cha chini kiwe saa 500 za kuendeshwa. Tulipiga hesabu ya mpwa wetu: dakika 50 kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, miezi minane. Hazikufika saa 150.

Kosa lililofuata ni letu wenyewe, na tunaliandika ili lisirudiwe. Tulikwenda maktaba, tukafungua intaneti, tukaona foku ya inchi 26 kwa dola 61, tukaiagiza. Ilipofika haikuingia. Tulikuwa tumepima gurudumu na kusahau shina, yaani lile bomba linalopanda ndani ya kichwa cha fremu mpaka kwenye usukani. Shina huwa na unene wa namna mbalimbali; za kawaida katika baiskeli hizi ni inchi moja, ambayo ni milimita 25.4, na inchi moja na thumni, ambayo ni milimita 28.6. Tena kuna shina lenye meno ya kufungia nati juu, na kuna shina laini linalobanwa na usukani kwa nje. La kwetu lilikuwa nene na lenye meno. Tuliloagiza lilikuwa nene na laini. Sisi tuliosahihisha madaftari ya hesabu kwa miaka zaidi ya 30 tulifungasha kipuri kile na kukirudisha posta tukiwa kimya.

Wiki hiyo yote tulimpeleka kazini kwa gari letu kuukuu. Macho yetu hayana tena urafiki na taa za usiku. Asubuhi ya tatu tulipita taa nyekundu bila kuiona. Kijana hakusema neno, lakini tuliona mkono wake umeushika mlango. Kurudi kwetu tulikaa ndani ya gari nje ya nyumba mpaka wakati wa sala, kisha tukapanda juu tukijua kwamba jambo hili haliwezi kuendelea hata Jumatatu.

Jirani wa Kisalvador ndiye aliyetuambia tuache maduka, tutafute karakana za jumuiya. Eneo hili la Washington limejaliwa kuwa nazo. Hapa hapa Arlington pana Phoenix Bikes, iliyoanza mwaka 2007, ambako vijana hufundishwa kutengeneza baiskeli na hujipatia ya kwao kwa kazi ya mikono yao. Tulipolisikia jina hilo tulicheka; tumevuka bahari kuikuta Phoenix imetangulia. Pana pia Bikes for the World, ambayo tangu mwaka 2005 hukusanya baiskeli zilizochoka katika majumba ya watu hapa, ikazipeleka kwa makontena nchi za mbali, Afrika ikiwemo. Yaani kipuri tulichokuwa tukikitafuta huku kwa tochi, huenda kimepita mbele ya mlango wetu kikielekea kwetu.

Tulikwenda katika karakana mojawapo ya namna hiyo Jumamosi asubuhi. Kuta zake zimetundikwa magurudumu kama masufuria ya jikoni, na mapipa yamejaa pedali, minyororo na breki. Fundi wa zamu, mzee wa kujitolea mwenye umri kama wetu, hakuuliza risiti. Alimuuliza kijana swali moja: "Unapita wapi?" Mpwa wetu akaeleza: Four Mile Run mpaka karibu na mto Potomac, kisha kaskazini hadi Crystal City. Mzee akasema njia hiyo yote ni lami na mbao za madaraja, kwa hiyo shokapu haina kazi. Akatukumbusha zile baiskeli nyekundu za kukodi za Capital Bikeshare, zilizoanza hapa mwaka 2010. Hupandwa na kila mtu, mvua na jua, na foku zake ni ngumu tupu.

Tulichokuwa tukikitafuta wiki tatu, basi, hakikuhitajiwa. Sisi tulifurahi. Kijana hakufurahi.

Alisema polepole, kwa Kiswahili ili mzee asisikie, kwamba ile shokapu ndiyo baiskeli yenyewe. Ndiyo iliyo kwenye picha. Mama yake ameionyesha mtaa mzima wa Ngamiani. "Nikiitoa, mjomba, itakuwa baiskeli ya kuuzia maji." Tulitaka kumkemea, kisha tukaukumbuka ujana wetu, na redio moja isiyoshika stesheni yoyote ambayo tulitembea nayo kwapani mwaka mzima kwa sababu ya kifuniko chake cha ngozi. Hatukumkemea. Tulimwambia tu habari ya taa nyekundu.

Alinyamaza kidogo, akaomba spana.

Ilichukua saa mbili na nusu. Foku ilipatikana katika rundo la nyuma: ya chuma cha aloi, kutoka baiskeli kuukuu ya milimani, shina nene lenye meno, na vishikio vya breki mahali pake. Mzee alipima mambo mawili kabla ya kuturuhusu kushangilia. La kwanza, urefu wa shina, kwani likiwa fupi nati haina pa kushika. La pili, urefu kutoka ekseli hadi taji la foku, kwani foku ngumu ikiwa fupi kupita kiasi baiskeli huinamisha kichwa na usukani huwa na wasiwasi. Yetu ilipungua sentimita mbili tu, akaridhika. Kisha walitoa bakuli la chini la gololi kutoka foku ya zamani wakalihamishia katika mpya, wakatia grisi, wakafunga. Tulilipa dola 20. Springi nyekundu ya nyuma ilibaki. Bushi yake bado nzima. Siku itakapokufa tutapima urefu wa shokapu kutoka tundu hadi tundu, na kusoma namba iliyochapwa juu ya springi, kabla ya kuagiza chochote.

Mzee alituonyesha na jambo jingine, ambalo kila mzazi alitazame leo kabla ya kulala. Baiskeli nyingi za maduka makubwa hufungwa haraka na watu wasio mafundi, na wakati mwingine foku huwekwa kinyumenyume. Simama kando ya baiskeli: ncha zinazoshika ekseli zielekee mbele, na breki ya mbele ya kubana rimu iwe upande wa mbele wa foku, si nyuma yake. Katika jengo letu tumekuta moja iliyokosewa, ya mtoto wa miaka tisa.

Foku ya zamani kijana aliibeba kwapani mpaka nyumbani, nayo sasa iko chini ya kitanda chake. Picha mpya hajaituma Tanga, nasi hatujamuuliza.

Baiskeli imepungua uzito, na foku haina tena kinachocheza ndani yake. Huiteremsha begani, ngazi zote tatu, bila sauti. Kwa hiyo saa kumi na robo sasa hatuamshwi. Tunaamka wenyewe, tunakwenda dirishani, na kusubiri kuiona taa yake nyekundu ya nyuma ikipinda kona kuelekea kijitoni.