Japani kwa Macho ya Rangwi

Kama unadhani huijui Japani, hebu panda gari la rafiki yako yeyote hapa Dar. Akiwasha tu, sauti laini ya dada wa Kijapani inasema maneno ambayo hakuna abiria anayeyaelewa. Kumbe masikini dada wa watu anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za haraka haijachomekwa. Barabara zenyewe ziko Tokyo, gari liko kwenye foleni ya Ubungo! Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia kama wetu, ndiyo maana magari yao yaliyotumika yanashuka bandarini na kuingia barabarani bila kubadilishwa usukani.

Mimi nilianza kuichimba Japani kwa sababu nyingine. Mwaka jana mchumba wangu alipata ufadhili wa serikali ya Japani, miaka miwili ya shahada ya pili. Yeye ni mtoto wa Rangwi, huko milimani wilaya ya Lushoto. Kwao jambo zito kama hilo halitumwi kwa meseji. Unapanda mlima, unakaa chini, unawaambia wazee uso kwa uso. Tukagawana kazi: yeye aeleze masomo, mimi nieleze nchi. Tena mimi ni mkwe ambaye hata posa alikuwa bado hajapeleka! Nikasoma wiki tatu mfululizo kama mtu anayesubiri mtihani wa kidato cha nne.

Tunapanda mlima

Ukitoka Dar kwa barabara ya Arusha, Mombo unaikuta ikiwa na joto la kutosha kukausha nguo dakika tano. Hapo unakata kulia na kuanza kona. Maporomoko ya Soni yanakupungia mkono, na baada ya kilomita kama 33 uko Lushoto mjini, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Sweta inatoka kwenye begi. Mbele kuna msitu wa Magamba, halafu upande wa Lukozi kuna kabichi, karoti na viazi mviringo vinavyopakiwa kwenye Fuso kuja kulisha masoko ya Dar.

Coaster tuliyopanda ilikuwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni. Mchumba wangu, ambaye alishaanza kujifunza, alisoma herufi tatu kisha akacheka. "Imeandikwa chekechea." Gari lililokuwa likibeba watoto wa chekechea huko kwao, leo linabeba akina mama na matenga ya karoti.

Rangwi yenyewe ni ya watu wa subira. Migongo ya milima imelimwa mpaka karibu na kilele, na misheni ya Wakatoliki pamoja na nyumba ya masista zimekaa katikati ya kijani. Wazungu wanaotembea kwa miguu kuelekea Mtae hulala hapo. Jioni ukungu unaposhuka, hata kama mmegombana na mwenzako njiani, mtasogeleana tu. Baridi haina aibu!

"Huko kuna milima?"

Baada ya makande na chai ya tangawizi, Bibi alisogeza kigoda karibu na moto. Nikaamkia tena: "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huko anakokwenda mjukuu wangu kuna milima?"

Hapo nilijisikia mwanaume. Nikamwambia Japani ni kama Usambara iliyotupwa baharini. Karibu robo tatu ya nchi ni milima, na sehemu kubwa imefunikwa na misitu. Visiwa vikubwa ni vinne: Honshu, Hokkaido, Kyushu na Shikoku, lakini hesabu iliyotangazwa mwaka 2023 ilifikisha visiwa 14,125. Nchi nzima inaingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara mbili, ila watu wake ni kama milioni 124, wamebanana kwenye tambarare chache za pwani.

"Na mlima wao mkubwa?"

"Unaitwa Fuji, Bibi. Mita 3,776."

Mjomba akauliza Kilimanjaro ni ngapi. Nilipotaja 5,895, pale jikoni palilipuka vicheko vya ushindi utadhani Taifa Stars wamefunga bao.

Furaha ilipungua nilipofika kwenye matetemeko. Japani imekaa mahali ambapo mapande makubwa ya ardhi yanasukumana, hivyo ardhi hutikisika mara kwa mara. Fuji wenyewe ni volkano, mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1707. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilileta mawimbi ya tsunami, na zaidi ya watu 18,000 walikufa au kupotea. Sikuficha. Mchumba wangu akaeleza kuwa majengo yao hujengwa kwa kanuni kali na watoto hufanya mazoezi ya kujikinga tangu shule ya msingi. Bibi alinyamaza kidogo, akaongeza kuni.

Nikamtuliza kwa ua. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa akisimamia wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ulaya mbegu za ua dogo la zambarau lililoota kwenye kivuli cha misitu ya huku. Leo ua hilo linapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, Japani ikiwemo, ambako wanaliita sentoporia. Yaani kabla ya mjukuu, ua la Usambara lilishatangulia.

"Nani anatawala?"

Hilo lilikuwa swali la Mjomba, na ukikaa na Wasambaa usilichukulie kirahisi. Hapa ndipo Mbegha, mwindaji wa nguruwe pori kutoka Nguu, alipopokelewa katika karne ya 18 na ukoo wake wa Kilindi ukatawala kutoka Vugha. Mfalme wao, Simba Mwene, alitazamwa kama mwenye mvua na rutuba ya nchi. Serikali ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963, lakini majina kama Kimweri wazee wanayataja kama ya majirani.

Nikamwambia Mjomba kwamba Japani bado wana mfalme wao. Naruhito alikalia kiti tarehe 1 Mei 2019, na kwa hesabu yao ni wa 126. Tangu katiba ya mwaka 1947 hatawali tena, yeye ni alama ya taifa, ila kila mwaka anaingia shambani ndani ya ikulu na kupanda mpunga kwa mkono wake.

"Basi huyo ni mfalme," Mjomba akasema. "Anajua chakula."

Kwa muda mrefu wenye nguvu hasa walikuwa wakuu wa mashujaa wanaoitwa samurai. Ukoo wa Tokugawa ulishika nchi tangu 1603 mpaka 1868, na kuanzia miaka ya 1630 ukafunga milango: Mjapani haruhusiwi kutoka, na biashara na Wazungu ikabaki na Waholanzi tu pale Nagasaki. Kwa hiyo wakati Mbegha anapokelewa Usambara, Japani ilikuwa imejifungia ndani. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zikaja kugonga hodi kwa mizinga. Wajapani wakaamka, wakajenga viwanda na jeshi, wakaanza na wao kuteka nchi za wenzao, mpaka ikafika Agosti 1945 na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Miaka 19 baadaye, mwaka uleule wa Muungano wetu, 1964, Tokyo iliandaa Olimpiki na treni yao ya mwendo kasi ikaanza kazi.

Halafu nikatoa karata yangu ya mwisho. Mwaka 1581, kabla ya milango kufungwa, padri mmoja Mtaliano alifika kwa bwana wa vita Oda Nobunaga akiwa na Mwafrika mrefu, mweusi tii. Nobunaga hakuamini rangi ile, akaamuru asuguliwe kwa maji. Alipoona haitoki, akampenda, akamweka kwenye jeshi lake na kumpa nyumba na upanga. Wajapani walimwita Yasuke, na mwandishi mmoja wa Kijesuiti wa karne ya 17 alisema alitoka Msumbiji. Jirani yetu kabisa! Nikageukia kanga ya zamani ya Bibi iliyokuwa ukutani: miaka ya 1950 na 1960, kabla kiwanda chetu cha Urafiki hakijaanza, kanga nyingi za Afrika Mashariki zilichapwa Japani. Bibi akaishika pindo, akaitazama upya.

Vituko sasa

Mashemeji zangu vijana walikuwa wamengoja zamu yao. Wao walitaka vituko, na Japani haikosi.

Kuna hoteli ambazo chumba ni kama kasha la kulalia, unaingia kwa kutambaa. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979. Kuna mikahawa ambapo unalipia kukaa na paka. Mashine za kuuza vinywaji ziko kila kona, hata njia za vijijini, na hakuna anayezivunja. Karaoke ni yao, ilianzia Kobe mwaka 1971. Ndani ya treni watu mia mbili wanakaa kimya kama wako kwenye ibada.

Upande wa mapenzi, shikilia kiti. Siku ya Valentine, tarehe 14 Februari, wanaotoa chokoleti ni wanawake. Wanaume wanangoja mwezi mzima, wanarudisha zawadi tarehe 14 Machi. Mkesha wa Krismasi ni usiku wa wapendanao, na Krismasi yenyewe huliwa kuku wa kukaanga aliyeagizwa mapema. Na sheria yao inataka mume na mke watumie jina moja la ukoo. Karibu wote wanaobadilisha ni wanawake. Mchumba wangu alinitazama, nikajifanya naangalia moto.

Lugha nayo! Kijapani kina irabu tano kama zetu, na wakikopa neno wanalimalizia kwa irabu kama tunavyofanya: sisi hoteli, wao hoteru. Lakini chunga. Kwao "mimi" ni sikio, "hana" ni ua na "kesho" ni vipodozi. Jina lao la dubu ndilo siwezi kuliandika kwenye gazeti la heshima. Shemeji mdogo alilijua tayari kutoka kwenye simu yake, akafukuzwa jikoni.

"Wazee wao wanakaa na nani?"

Bibi aliuliza swali hili taratibu, vicheko vilipoisha. Na hili ndilo nililoliogopa.

Japani karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 au zaidi. Wazee wengi wanaishi peke yao. Vijana walishuka mijini kufuata kazi, na vijiji vya milimani vikabaki na wazee tu. Katika kisiwa cha Shikoku kuna kijiji kinaitwa Nagoro, kwenye bonde lenye miteremko kama ya Rangwi. Shule yake ilifungwa mwaka 2012. Mama mmoja wa hapo alianza kushona wanasesere wa ukubwa wa binadamu na kuwaweka shambani, kituo cha basi, hata darasani, wakikumbusha waliokufa na waliohama. Wanasesere wamekuwa wengi kuliko watu.

Hakuna aliyecheka. Nje tulisikia watoto wakikimbizana gizani, na nikamwona Bibi anawasikiliza.

"Kwa hiyo nao walianza kwa kusema wanakwenda kusoma," alisema.

Mchumba wangu akashika mkono wa Bibi. Hakuapa wala hakulia. Alisema anajua huko kuna mishahara na kuna watakaomshawishi kubaki, lakini anachokwenda kusoma ni udongo wa miteremko, na udongo anaoufikiria ni huu wa hapa, unaoshuka na mvua kila mwaka.

Wazee walitoka nje kuteta. Waliporudi, Mjomba akasoma hukumu: posa ije kabla ya safari, harusi ingoje arudi. Bibi akaongeza la kwake. Asubuhi alitupeleka shambani tukapanda mche wa parachichi wa kubebesha. "Huu miaka miwili mitatu unazaa," akasema. "Sitaki kula peke yangu."

Saa ni moja, ndugu yangu

Kabla hatujalala usiku ule, Mjomba aliuliza huko Japani ni saa ngapi. Sisi tulikuwa saa tatu usiku. Nikaangalia kwenye simu: 3:00.

"Saa tatu pia!" akashangaa. "Mbona mnasema mbali?"

Kwao ilikuwa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wametutangulia saa sita kamili, na sisi Waswahili tunahesabu saa kwa kuzipishanisha sita na zile za kwenye saa ya ukutani. Matokeo yake, namba tunayoitamka sisi ndiyo namba anayoisoma Mjapani ukutani kwake. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake mshale uko kwenye 2, mchana. Saa kumi yetu ya jioni, kwake uko kwenye 10, usiku.

Kwa hiyo wewe ambaye mwenzako yuko Japani, huna haja ya kupiga hesabu. Mwambie "nakupigia saa nane," naye aangalie 8 ukutani. Ila usivuke saa kumi jioni, mwenzio ana vipindi asubuhi. Mimi na wangu tunaongea saa nane kila siku, huu ni mwezi wa tano. Jumapili naongeza simu moja ya Rangwi, kuulizia mparachichi. Bibi anasema umetoa majani mapya manne.