Alama ya Kujumlisha

Katika tawi la takwimu nililosomea, mtu aliyetoweka huandikwa kwa alama ya kujumlisha. Mgonjwa akifariki mwezi wa 14 tangu aandikishwe katika utafiti, kompyuta huchapa 14. Akiacha kuonekana mwezi huohuo, huchapa 14+. Maana yake ni kwamba tulimwona akiwa hai kwa miezi 14, na baada ya hapo kuna zaidi, ila hatujui ni kiasi gani. Nilipokutana na alama hiyo jijini London, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, niliipenda kwa uungwana wake. Haimwiti mtu marehemu, wala haimshuhudii kuwa yu hai.

Njia ya kuwahesabu watu wa namna hii iliwekwa na Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, katika makala ya mwaka 1958. Mmoja alitaka kujua vifaa vya kukuza sauti katika nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari vitadumu muda gani. Mwenzake alishughulika na wagonjwa wa saratani. Kila mmoja alikuwa ameandika makala yake, wakashauriwa waziunganishe. Hesabu yenyewe haina makuu. Chukua wagonjwa 10. Mwezi wa 3 anafariki mmoja, wanabaki 9. Mwezi wa 5 wawili wanatoweka. Mwezi wa 8 anafariki mwingine, na waliokuwa mbele ya macho yetu wakati huo ni 7. Ukiwachukulia waliotoweka kuwa wako hai, utasema asilimia 80 wamevuka mwezi wa 8. Ukiwachukulia kuwa wamekufa, utasema asilimia 60. Kaplan na Meier huzidisha 9/10 kwa 6/7, wakapata takribani asilimia 77. Waliotoweka hutoa ushahidi wao mpaka siku ya mwisho walipoonekana, kisha huondoka katika hesabu kimyakimya.

Ukimya huo ndio ulionila miaka minne ya uzamivu. Hesabu ile ni sahihi kwa sharti moja tu: kwamba walioondoka wanafanana na waliobaki. Data zangu zilitoka kliniki za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI Afrika Mashariki. Huko asiyerudi kuchukua dawa huitwa mtoro, neno nisilolipenda, kwani kabla ya kuwa la shule na kliniki lilikuwa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watafiti waliowafuata watoro hao majumbani wamekuta mambo mbalimbali. Wengine wamekufa, na kifo ndicho kilichowazuia kurudi. Wengine wamehamia kliniki nyingine bila kuaga, kwa kufuata kazi au ndoa, au kwa kuogopa kuonwa na jirani kwenye foleni. Ukisoma faili peke yake, wote ni sawa: tarehe ya mwisho, kisha karatasi nyeupe. Msimamizi wangu, mwanamama wa Kiingereza asiye na maneno mengi, alizoea kusema kuwa sharti lile halithibitishwi na data. Hulithibitisha mtu anayekwenda kubisha hodi. Ndiyo maana mbinu iliyo bora ni ya miguu zaidi kuliko ya kompyuta: chagua kwa nasibu mmoja kati ya kila 10 waliotoweka, mtafute kwa kila hali, kisha umpe uzito wa watu 10.

Kiswahili nacho kina mzaha wake. Shahada hii tunaiita uzamivu, na anayedandia meli kwa siri kwenda ng'ambo tunamwita mzamiaji. Yote mawili yametokana na kuzama. Kwetu Tanga tulitoka wa aina zote mbili. Mimi nilipanda ndege nikiwa na viza ya mwanafunzi. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alizamia meli mwaka 2003. Alipiga simu mara tatu kutoka Durban, ya mwisho Ramadhani ya 2006. Basi.

Mwaka 2017 baba mkubwa alifariki, akaacha shamba la minazi, na ndugu wakataka kugawana. Mama mkubwa akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka.

"Mwanangu, wewe umesomea kuwahesabu watu wasioonekana. Nduguyo niseme yupo au hayupo?"

Nilimweleza habari za uwezekano, akanisikiliza kwa subira. Kisha akasema kwamba hakuniuliza kuhusu watu. Ameniuliza kuhusu mmoja. Hilo ndilo swali ambalo takwimu hailijibu, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu hivyo katika mhadhara wa kwanza, kabla hawajajifunza kanuni hata moja.

Shehe waliyemwendea alikuwa na jibu lililokomaa zaidi. Katika fiqhi ya Kishafi asiyejulikana aliko ana jina lake: mafkudi. Mali yake hairithiwi mpaka upatikane ushahidi wa kifo, au upite muda ambao kwa kawaida watu wa rika lake hawauvuki, na kadhi atoe hukumu. Akiwa yeye ndiye mrithi, fungu lake huwekwa kando. Uingereza, ninakoishi, sheria ya mwaka 2013 inaruhusu mahakama kutamka kuwa mtu amekufa ikiwa kwa miaka 7 hajulikani kuwa hai. Miaka 7 ni rahisi kwa makarani. Kipimo cha rika kinanivutia zaidi, kwa kuwa kinamtazama mtu pamoja na wenzake, kama tufanyavyo sisi. Na rika la kaka, aliyezaliwa 1979, bado linacheza bao barazani kila alasiri.

Fungu lake likawa minazi 11. Mdogo wake ndiye huikwea, nazi huuzwa sokoni, na mama mkubwa huandika kila shilingi katika daftari lenye jina la mwanawe. Mwaka jana alichukua sehemu ya fedha hizo, akapanda miche miwili mipya upande wa kisimani.