Ulaya ya Kilosa

Kazi ya gazeti imenirudisha Kilosa. Wengi wakisikia Mikumi wanawaza tembo wa hifadhi ile iliyoanzishwa mwaka 1964. Mimi nawaza ile kona ya kuiacha barabara ya Iringa na kushika njia ya Kilosa, milima ya Rubeho ikiwa kushoto.

Utotoni nilipita hapa na marehemu baba kila likizo ya Desemba. Konda akiuliza, "Wa Ulaya wapo?" nachungulia dirishani kutafuta Wazungu! Kumbe Ulaya ni kijiji, ukishakipita unaitafuta Zombo, kwao baba. Yeye alikijua kila kilima kwa jina, kwa Kisagara. Mimi nilitaka kujua tunafika saa ngapi tu.

Safari hii nilishuka Zombo. Baada ya shikamoo nikamuuliza mama muuza ndizi kile kilima chenye mawingu kinaitwaje.

"Kwani wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba. Akaacha kupanga ndizi. Jina la kilima hakulitaja. Aliuliza mbona tulimzika Dar.

Dereva alikuwa anapiga honi.